Nadhiri ya Shimoni

Ushirombo,
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mdogo wangu Denis,

Mama amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha salamu zake zinatangulia zangu. Anakusalimu sana, anauliza kama unakula na kama unalala pakavu. Mimi sijambo. Generosa mwanangu amepangiwa kufundisha shule moja ya Kishapu, amehamia Mhunze na mumewe, kwa hiyo nyumba hii imebaki ya wanawake wawili na kuku. Mvua za kwanza zimenyesha. Tumepanda karanga kwenye kile kipande cha nyuma, mpunga bado.

Barua hii anakuletea Masudi, dereva wa Fuso anayepeleka mchele huko machimboni kwenu. Nimeona niandike kwa sababu simu yako haipatikani tangu Pasaka. Masudi ndiye aliyeniambia kwamba uko hai, kwamba unasali Jumamosi na kikundi fulani na kwamba huguswi tena na wembe. Nilimwambia anachanganya watu. Akanijibu, "Mama Generosa, namjua Denis. Nywele zimefika mabegani."

Sijamwambia Mama habari za nywele. Wewe ni kitinda mimba wake, na mtoto wa katekista. Angeuliza maswali ambayo mimi sina majibu yake.

Amekutumia kambare wakavu. Amewakausha mwenyewe juu ya moshi siku tatu, akinifukuza jikoni kila nilipotaka kumsaidia. Miguu yake imevimba kidogo, ni umri tu. Anauliza kama Krismasi utakuja. Tangu mwaka juzi umekuwa ukisema mwakani.

Mjibu yeye, hata kama mimi hunijibu.

Dada yako,
Martina

*

Machimboni, Geita,
3 Desemba 2023

Dada Martina, shikamoo. Na Mama umpe shikamoo yangu mkononi, umshike vidole unapompa.

Nimefurahi kuhusu Generosa. Mimi ni mzima, nakula, nalala pakavu. Siku hizi sishuki tena kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu. Nasaga mawe kwenye karasha la mzee mmoja aitwaye Mwigulu. Vumbi ni jingi lakini niko juu ya ardhi.

Simu niliigawa. Ilikuwa inaita, nami nilikuwa sina la kusema.

Alichokuambia Masudi ni kweli. Mzee Mwigulu hutusomea Torati kila Jumamosi, tuko watu kumi na mmoja. Hatumkani Yesu, usiogope. Tunasema tu kwamba Yeye mwenyewe alishika Sabato na alikula vilivyo safi, na kwamba hakuna mahali aliposema Torati ya baba yake ifutwe. Mungu aliyeweka agano na Musa hakukosea hata aje kulisahihisha. Haya ndiyo tunayoamini.

Mimi nimeweka na nadhiri yangu ya pekee, ile ya Mnadhiri: kutokunywa pombe wala chochote cha mzabibu, kutopitisha wembe kichwani na kutoikaribia maiti. Ni miaka saba. Nilianza Desemba 2021, kwa hiyo miwili inakaribia kutimia.

Kuhusu kambare, usimwambie Mama. Samaki asiye na magamba hatuli. Sikuwatupa. Nilimpa Ngassa, jirani yangu wa chumba cha pili, akawala wote kwa ugali huku akimsifu Mama. Mwambie walikuwa watamu, maana Ngassa alisema hivyo. Akitaka kunitumia kitu tena, panzi wanaruhusiwa, wameandikwa kabisa.

Krismasi sitakuja. Kuna kazi.

Denis

*

Ushirombo,
28 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Tumesherehekea wawili. Generosa na mumewe walishindwa kufika kwa sababu ya mvua, barabara imekatika upande wa Kahama. Nilichinja kuku mmoja, Mama akala paja akaacha. Nilimwambia kambare ulimaliza wote siku ile ile. Alicheka, akasema tangu utoto hukujua kubakiza. Nimedanganya siku ya Noeli kwa ajili yako.

Sasa nikuulize, maana barua yako ina tundu katikati. Nilichukua Biblia ya Baba nikaitafuta nadhiri yako. Umeniandikia kwamba Mnadhiri haikaribii maiti. Hukuniandikia yanayofuata, kwamba hataikaribia hata kama ni ya baba yake au mama yake. Umeyasoma hayo, Denis? Najua umeyasoma. Nataka nijue kama uliyaruka kwa ajili yangu au kwa ajili yako.

Mimi si mwalimu wa dini. Lakini nilikaa miaka mingi kwenye benchi la mbele nikimsikia Baba akifundisha wakatekumeni, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu umelala. Unakumbuka, au huwezi kukumbuka, alivyoeleza habari ya maagano mawili kwa nyumba hii. Siku ya kuvua mbao za lenta alituita tutazame. Alisema mbao ndizo zilizolishika zege lilipokuwa bichi, bila hizo lingemwagika lote chini. Hakuna anayezitukana mbao. Ila zege likishakauka nawe ukakataa kuzivua, huwezi kufunga dirisha wala mlango, utakaa ndani ya mbao miaka yote ukisema una nyumba.

Nabii Yeremia aliahidi mapema kwamba sheria itahama kutoka kwenye mawe ikaandikwe mioyoni. Si mimi niliyeyatunga hayo, na nabii hakuwa Mkatoliki.

Na jambo la pili. Desemba 2021 ndiyo mwezi duara lenu liliporomoka. Tulisikia redioni. Nilikupigia siku nne, kisha ukanitumia maneno mawili: niko salama. Sijawahi kukuuliza zaidi. Sasa nakuuliza.

Miguu ya Mama ni vilevile.

Martina

*

Machimboni, Geita,
4 Februari 2024

Dada, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa. Masudi gari lilimharibikia, na lilipopona alipitia njia nyingine mara mbili. Hapa kumetulia, wengi wamehamia mlipuko mpya, dhahabu iliyogunduliwa juzi upande wa Chato. Ngassa pia ameondoka. Upande wetu wa mabanda tumebaki mimi na mpishi wa zamani, Maganga, anayekohoa.

Mfano wa Baba ni mzuri, na nilipousoma nilisikia sauti yake. Lakini Baba alijenga juu ya ardhi. Mimi nilifanya kazi chini ya ardhi miaka tisa. Huko chini hakuna siku ya kuvua mbao. Tunaita matimba, ni magogo yanayoshika kuta na dari, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo unavyoyaongeza. Anayesema mwamba umekomaa, matimba yatolewe, ndiye anayeua wenzake. Torati kwangu ni matimba. Mwanadamu hakauki kama zege. Mimi najijua, kila siku ni udongo mbichi.

Kuhusu yale uliyosema nimeyaruka, nimeyasoma. Mzee Mwigulu naye aliniuliza siku nilipoweka nadhiri: mzazi je? Nikamwambia mama yangu ana nguvu. Akasema, basi omba azidi kuwa nazo. Yeye mwenyewe hajaweka nadhiri hii, alinionya kwamba ni nzito kwa mtu mwenye ndugu.

Habari za duara usiniulize, Dada. Niko salama, ndivyo nilivyokuandikia na ndivyo ilivyo.

Denis

*

Ushirombo,
25 Februari 2024

Mdogo wangu,

Nilikuwa nimekuandikia kwamba miguu ni umri. Haikuwa umri, ni moyo. Mama amelazwa siku nne, amerudi nyumbani na dawa za kukojoa na sharti la kutolala chali. Analala ameegemea mito. Akipanda kingazi kile kimoja cha mlango anapumzika kama aliyetoka kisimani. Daktari alinivuta kando akaniambia nisimpe kazi, na wa kumwona waje. Sikutaka kukuandikia kwa sababu niliona nitakuwa kama nakuvuta kwa kamba. Sasa navuta.

Sitabishana nawe juu ya matimba. Sijui duara. Nitakuambia kitu kimoja tu nilichokiwaza nikiwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, kisha nanyamaza.

Yule mjane wa Naini alikuwa anakwenda kumzika mwanawe wa pekee. Bwana alilisogelea jeneza akaligusa. Kwa Torati unayoisoma, mtu aliyegusa maiti ni najisi siku saba, na anaambukiza kila anachokishika. Lakini siku ile unajisi haukupanda mkononi mwake. Uzima ndio ulioshuka kutoka mkononi mwake ukamwingia yule kijana. Vivyo hivyo kwa binti wa Yairo, alimshika mkono akiwa amekufa. Baba alipenda kusema agano jipya lilianza kuonekana pale, njiani kwenda makaburini, kabla hata ya meza ile ya mkate na kikombe. Zamani mtakatifu alijitenga na mauti ili asichafuke. Sasa Mtakatifu anaisogelea. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti, na mengine yote, Jumamosi na magamba ya samaki, naweza kukuachia ule na usali upendavyo.

Mama amenilazimisha nimsomee barua zako zote, hata ya kambare. Nilidhani atalia. Badala yake akaniambia niandike haya kama anavyoyasema: "Mwambie mimi bado si maiti. Aje sasa. Akishaniona arudi kwenye nadhiri yake, sitamfia mikononi."

Nimeandika kama alivyosema.

Martina

*

Ushirombo,
9 Aprili 2024

Denis,

Mama amefariki Jumanne ya Pasaka, tarehe mbili, saa tatu asubuhi. Tumemzika Alhamisi kando ya Baba. Nilimwosha mimi, pamoja na Dorika jirani na wanawake wa jumuiya. Msalaba aliubeba mume wa Generosa.

Watu waliuliza uko wapi. Nilisema ni barabara mbaya.

Martina

*

Machimboni, Geita,
16 Juni 2024

Dada Martina,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea.

Nimeanza barua hii mara nyingi tangu Aprili. Leo naimaliza hata ikiwa mbaya. Ulitaka kujua habari za duara, nami nitakuandikia, kwa sababu bila hizo hutaelewa nilichokufanyia, wala mimi sielewi.

Tulikuwa wawili chini, mimi na Boaz, kijana wa Kishapu niliyekula naye sahani moja miaka minne. Udongo ulishuka mbele na nyuma. Tulibaki kwenye nafasi ya urefu wa kitanda, hata kukaa wima hatukuweza. Yeye gogo lilimbana kifuani. Tuliongea. Aliongea zaidi yeye, akiniambia habari za ng'ombe wa kwao kwa majina, mmoja mmoja. Siku ya pili sauti ilipungua. Alikata roho kichwa chake kikiwa kwenye paja langu, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kukiweka. Nilikaa naye hivyo mpaka walipotufikia siku ya tatu jioni. Mwili ulipoa nikiwa nimeushika. Halafu ukawa mgumu.

Nadhiri niliiweka humo humo, baada ya yeye kufa. Sikusema, Bwana nakutumikia. Nilisema, ukinitoa, nisiguse tena mtu aliyekufa maisha yangu. Nilipotoka nikakutana na Mzee Mwigulu, akanisomea sheria ya Mnadhiri, nikaona imeandikwa ile ile niliyoitaka. Nilishukuru kuwa jambo ninaloliogopa Mungu naye amelikataza. Mwigulu hakujua. Alidhani ni ibada.

Jeneza la Boaz lilipelekwa kwao limefungwa. Sikulisindikiza. Mama yake yuko hai, anaitwa Violeth, na hajawahi kuniona.

Barua yako ya Februari niliipata katikati ya Machi. Nilifunga begi siku hiyo hiyo. Nilifika Katoro, nikakata tiketi, nikakaa stendi. Mama alisema hatanifia mikononi, lakini Boaz pia hakupanga. Nilimwona Mama ameegemea mito, nami nimekaa karibu, na pumzi inakwisha, na mimi nimemshika. Basi lilipopiga honi sikunyanyuka. Mpiga debe alinishika bega akaniambia, "Bro, gari lako hilo." Nikamwambia si langu. Nilirudi machimboni kwa miguu sehemu kubwa ya njia, kwa sababu nilitaka kuchoka.

Barua ya kifo ilinifikia tarehe ishirini. Nilipoisoma, Dada, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni nafuu. Kwamba limekwisha na sikulazimika kuchagua. Halafu ile nafuu ikanigeuka. Nimekaa nayo wiki nane.

Sasa la mwisho. Mwezi uliopita Maganga, yule mpishi aliyekuwa akikohoa, alikutwa asubuhi amefariki kwenye banda lake. Tulikuwa wachache kambini, na wa kwao hatukuwajua. Mzee Mwigulu alikuja na ndoo na sabuni, akaniambia, "Wewe kaa nje, nitamwosha mwenyewe." Nilikaa nje. Nilisikia maji. Nilisikia pia anavyohema, maana ana miaka sabini na mikono inatetemeka, na Maganga alikuwa mtu mzito. Alijaribu kumgeuza akashindwa, akajaribu tena. Hakuniita. Angeniita labda ningebaki nje.

Niliingia. Nilimshika Maganga mabega, tukamgeuza. Nilimwosha mgongo, nikamwosha miguu. Ilikuwa kama ninavyoikumbuka, ule ubaridi ni ule ule. Lakini sikukimbia, na tulipomaliza nilikuwa bado nipo.

Baadaye nilimweleza Mwigulu yote, na habari ya Boaz. Hakunikaripia. Alifungua Torati akanisomea kwamba Mnadhiri aliyetiwa unajisi hunyoa siku ya saba, na siku ya nane humpelekea kuhani hua wawili, kisha huanza kuhesabu tangu siku ya kwanza, na siku zote za nyuma zimepotea. Nikamwuliza, "Kuhani yuko wapi, mzee? Hekalu liko wapi? Nani atanipokea na hua wangu?"

Aliweka kidole kwenye mstari huo. Kisha akasema, "Hapo ndipo na mimi huwa nafunga kitabu."

Nimeikumbuka barua yako ya Naini. Niliisoma tena. Sitasema nimekubali kila kitu. Ninasema nimeisoma tena.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue nilifika Katoro.

Denis

*

Mhunze,
14 Julai 2024

Mdogo wangu Denis,

Niko Mhunze, usishangae anwani. Generosa amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la Mama, Lukresia. Ni mzima, ana sauti. Nitakaa hapa mpaka Septemba. Nyumba nimeifunga, ufunguo yuko nao Dorika. Ni yeye aliyeituma barua yako huku.

Umeniandikia ukweli, na mimi ninao wangu. Niliapa nitakaa nao, lakini siwezi kuendelea kukusikia ukiomba msamaha peke yako.

Jumamosi Kuu Mama alikuwa tayari amebadilika midomo. Nilijua. Siku ile ile nilimkuta Masudi sokoni, gari limepakiwa, anaelekea kwenu. Aliniuliza, "Hakuna barua leo?" Nilikuwa nayo, Denis. Ilikuwa ndani ya mkoba, mistari miwili tu, kwamba ukiondoka leo utamkuta. Nikamwambia hakuna. Barua ya Februari ilikuwa haijajibiwa, nami niliogopa kukuita tena halafu usije. Nilipendelea usijue, ili niweze kukukasirikia kuliko kusikia umekataa. Mama aliishi siku tatu zaidi. Kila gari lililopita aligeuza kichwa. Nilikuwa nimekaa pale pale, najua kwamba hakuna aliyekuita.

Ungekuja au usingekuja, sasa hatutajua, na ni mimi niliyefanya tusijue. Nilikuhubiria habari za Bwana aliyesogelea jeneza, na mimi nikashindwa kukusogelea wewe na karatasi ya mistari miwili. Nimeungama kwa padri. Amenipa malipizi, nimeyatimiza, lakini wewe ndiye niliyekuwa sijakuambia.

Huku nyumbani kwa Generosa kuna watu wengi, na bado jioni nakaa kama niko peke yangu. Aliyekuwa ananituma maji hayupo. Niliyekuwa nikimkasirikia yuko mbali.

Kuna jambo jingine. Barua yako iliponifikia niliuliza habari za mama yake Boaz. Si vigumu, hapa watu wanajuana. Ana shamba la pamba mwendo wa saa moja kutoka hapa, na siku za mnada huja Mhunze kuuza karanga za kukaanga. Watu humwita Mayu Violeth, yaani Mama Violeth. Nilinunua karanga nikakaa karibu naye. Sikumwambia mimi ni nani. Alipojua natoka upande wa Geita aliacha kupima karanga akaniuliza kama namfahamu mchimbaji yeyote wa duara lile lililoporomoka. Anamwuliza kila mtu atokaye huko. Hataki kujua nani alikosea, wala hataki kulipwa. Jeneza lilikuja limefungwa, na anauliza kitu kimoja tu: mwanawe alikuwa peke yake?

Nilimwambia sijui. Niliona si langu kusema.

Kama nadhiri bado inakushika, sitakulaumu. Kama unahesabu upya tangu moja, hesabu. Lakini Mayu Violeth hajafa, mimi sijafa, na huyu Lukresia mdogo ana wiki mbili tu.

Dada yako,
Martina

*

Ushirombo,
Jumanne, 27 Agosti 2024

Dada Martina, shikamoo. Mpongeze Generosa na umshike mtoto kwa ajili yangu.

Barua yako ilinifikia juzi Ijumaa, Masudi alikuwa ameisahau kwenye dashibodi karibu mwezi mzima. Jumamosi nilishinda na Mzee Mwigulu na wenzetu kwa mara ya mwisho. Sabato bado naipenda, Dada, sitaki kukudanganya. Siku ile mashine zote zinanyamaza na mtu anasikia anachowaza. Lakini nimenyoa. Nilinyoa siku ya saba baada ya Maganga, kama ilivyoandikwa, na siku ya nane sikuwa na hua wala kuhani, nikakaa tu mbele za Mungu mikono mitupu. Sijaanza kuhesabu upya. Mwigulu ameniaga vizuri. Alisema anaogopa kwa ajili yangu, na pia kwamba angekuwa na umri wangu huenda naye angeondoka.

Nimefika hapa jana. Dorika alinipa ufunguo. Alinitazama muda mrefu mlangoni, sikujua kama ananilaumu au ananifananisha. Nyumba ina baridi ya nyumba iliyofungwa. Mito ya Mama bado imepangwa vilevile kitandani. Nilitaka kuitandua nikaona si kazi yangu kuifanya bila wewe. Nililala sebuleni.

Leo nimekwenda makaburini. Niling'oa majani, nikakaa chini katikati ya Baba na Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Katoro, hayakuja. Nilimwambia tu kwamba nimefika, na kwamba nimechelewa. Nilikaa mpaka jua likaniuma. Kisha nikaweka mkono juu ya udongo wake nikauacha hapo.

Kuhusu Masudi na ile barua uliyobaki nayo, nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko nyingine. Sijui ningefanya nini. Kuna siku najiambia ningekuja, kuna siku najua ningebaki Katoro tena. Tumemwacha Mama wawili, mimi kwa kukaa na wewe kwa kunyamaza. Sina la kukusamehe ambalo mimi mwenyewe sidaiwi. Tukae nalo wawili basi, kuliko kila mtu kwake.

Kesho alfajiri kuna basi la Kahama, na kutoka pale nitaunganisha Shinyanga mpaka Mhunze. Barua hii nampa kondakta wa leo ili initangulie kwa siku moja, kwa sababu nataka ufanye kitu kabla sijafika. Kesho ni siku ya mnada. Nenda kwa Mayu Violeth, kaa naye pale pale ulipokaa, umwambie Boaz hakuwa peke yake. Mwambie ni hilo tu. Mengine yote, na majina ya ng'ombe aliyonitajia, nitamwambia mwenyewe. Niko njiani.

Denis